Kupiga picha maumbile: Ni ibada, upuuzi au wizi wa macho?

 

Ndugu msomaji, kuna mabishano ambayo kwa muda sasa tunayasikia huku kwetu Kilosa na Mikumi, na ambayo wengi wanayachukulia kuwa ni mambo madogo ya vijana. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, imekuwa rahisi kwa Muislamu wa Kariakoo, Temeke au Magomeni kupanda asubuhi, kushuka Kilosa na kutembea katika vilima na kando ya mto Mkondoa, au kuunganisha gari hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Siku za Idd na mwisho wa juma vikundi vya vijana wa kike na wa kiume, familia na hata madrasa vinakuja. Karibu kila mmoja ana simu yenye kamera, na baadhi wana kamera kubwa wanazozivaa shingoni. Wanapiga picha miti, ndege, tembo, machweo, madaraja, na watu.

Wako wazee wetu msikitini wanaosema huu ni upuuzi mtupu, kama si haramu kabisa. Pesa ya nauli na kiingilio ingetosha kununulia misahafu ya madrasa, na saa sita za kuwinda picha ya twiga zingetosha kusoma juzuu. Vijana nao wanajibu kwa kujiamini kuwa wao wako katika ibada, kwani Qur'an imeamrisha kuyatazama maumbile. Lakini lipo kundi la tatu ambalo halisikiki katika mabishano haya. Ni wale wanaopigwa picha: mama anayefua mtoni, mchunga ng'ombe, mtoto anayeuza ndizi barabarani, na wanyama ambao hawana kauli. Hawa hakuna aliyewauliza.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika wilaya hii, na mimi mwenyewe napiga picha kwa kujifurahisha, kwa kamera ya mtumba, siku ambazo sina vipindi. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayewatazama wengine kutoka mbali. Nataka tulitazame suala hili kwa utulivu, tuanze na yale waliyoyasema wanazuoni, kisha tufike mahali ambapo mimi naona ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Hukumu ya picha

Wanaoharamisha hawakukurupuka. Wanategemea hadithi sahihi zilizomo katika Bukhari na Muslim zinazoeleza ukali wa adhabu ya wale wanaotengeneza sanamu na picha za viumbe, kwa kuwa wanajaribu kuiga uumbaji wa Allah (S.W). Kamera ilipoenea, baada ya kutangazwa kule Paris mwaka 1839, wanazuoni walilazimika kujiuliza: Je, chombo hiki kinaingia katika makatazo hayo?

Walitofautiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala maalumu akiihalalisha. Hoja yake ni kuwa mpiga picha hatengenezi umbo, bali anazuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa na Allah, mfano wa kioo kinavyoonesha sura ya anayejitazama. Kwa upande mwingine, Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, aliona kuwa makatazo yanaikumba kamera pia, isipokuwa panapokuwa na haja kama ya vitambulisho. Wote wawili ni wanazuoni wakubwa, na Muislamu anayefuata rai ya mmoja wao kwa dalili hana sababu ya kumdharau anayefuata ya mwingine.

Hata hivyo, katika mada yetu ya leo tunayo nafuu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A), nayo imo katika Bukhari na Muslim, kuwa alijiwa na mtu ambaye pato lake lilikuwa kutengeneza picha. Baada ya kumueleza ukali wa jambo hilo, alimuelekeza kuwa ikiwa hana budi, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Kwa hiyo anayepiga picha vilima vya Rubeho asubuhi, au mto, au majani ya miombo yanapochipua kwa rangi nyekundu kama kutu mwezi wa Septemba na Oktoba kabla ya mvua, huyo yuko mahali ambapo hata wakali wa pande zote wanampisha apite.

Aidha, tusisahau kuwa elimu iliyozaa kamera ina mkono wa Muislamu ndani yake. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, alichunguza namna mwanga unavyopenya tundu dogo na kuchora sura ya jua lililopatwa ndani ya chumba cha giza. Alitaka kujua namna jicho linavyoona, wala hakukusudia kupiga picha. Hilo lenyewe ni funzo, kwani suala la kuona lilitangulia suala la picha.

Je, ni kupoteza muda?

Sasa tuje kwa wazee wetu wanaosema kuwa hata kama si haramu, ni upuuzi. Hoja hii ina nguvu kuliko vijana wanavyodhani. Allah (S.W) anawasifu waumini, katika Suratul-Muuminun aya ya 3, kuwa ni wenye kujiepusha na mambo ya kipuuzi. Na Mtume (S.A.W), katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, ametutahadharisha kuwa afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi wanapata hasara kwazo.

Lakini hebu tujiulize: Kutazama ni upuuzi? Qur'an yenyewe inatutoa nje. Katika Suratul-Ghashiya (88:17-20) watu wanaulizwa kwa nini hawamtazami ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Katika Suratul-An'am (6:99) tunaambiwa tuyatazame matunda pale yanapotoka na pale yanapoiva. Na katika Suratun-Nahl (16:6) Allah (S.W) anatukumbusha kuwa wanyama wa kufuga, mbali na nyama na ngozi zao, wana uzuri wakati wanaporudishwa jioni na wakati wanapopelekwa malishoni. Aya hii ya mwisho inanigusa sana kila jioni ninapoona ng'ombe wakivuka vumbi kurudi zizini. Allah (S.W) angeweza kutaja manufaa tu, lakini ametaja na uzuri, na akautaja kama neema inayojitegemea.

Kwa mnasaba huu, Imam Ghazali aliitengea tafakuri kitabu kizima ndani ya Ihyaa yake, akapita kiumbe baada ya kiumbe. Na pale Hanzala (R.A) alipojihofia unafiki kwa sababu akiwa na familia yake moyo haukuwa kama anapokuwa mbele ya Mtume (S.A.W), alifahamishwa, kwa mujibu wa hadithi ya Muslim, kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Burudani halali si adui wa dini.

Darasani kwangu, tunapofika kwenye mada ya dalili za kuwepo Allah, huwa nawaambia wanafunzi wenye ndugu mwenye simu walete picha moja tu ya kitu kilichowafanya wasimame njiani. Sharti langu ni moja: aweze kusema mambo matano kuhusu kitu hicho ambayo hakuyajua kabla hajakitazama. Mwanafunzi mmoja alileta picha ya utando wa buibui wenye umande juu ya mkonge. Wenzake wakacheka. Alipoanza kueleza nyuzi zipi zinanata na zipi hazinati, na namna buibui anavyotembea bila kunaswa na mtego wake mwenyewe, darasa likanyamaza. Je, kijana yule alipoteza muda? La hasha! Alikaa na buibui kwa subira ambayo wengi wetu hatuipi hata sala.

Kuona na kukamata

Hata hivyo, hapa nataka niwageukie vijana. Kusema "tuko katika ibada" hakutoshi, kwa sababu kamera inaweza kusaidia kuona, na inaweza kuchukua nafasi ya kuona.

Nenda Mikumi siku ya Idd. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 1975, na sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kutokuijua. Uwanda wa mto Mkata uko wazi, unaona pundamilia, nyumbu, twiga na nyati kwa mbali, na ukiwa na bahati tembo na simba. Gari linasimama. Simu ishirini zinainuliwa. Sekunde kumi hazijapita, mtu anasema, "Tayari, twende." Tayari nini? Tembo ndiyo kwanza anageuza sikio. Hajaonekana akimsukuma mwanawe upande wa kivulini, wala akipima upepo kwa mkonga. Kijana ameondoka na picha, lakini ukimuuliza jioni tembo yule alikuwa na pembe mbili au moja imevunjika, anafungua simu kwanza ndipo akujibu.

Zamani mkanda ulikuwa na picha 36, na kuusafisha kulikuwa na gharama. Mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo tunapiga mia mbili na hatuzitazami tena. Qur'an (67:3-4) inatutaka turudishe macho mara ya pili na tena, mpaka jicho lirudi likiwa limechoka na limenyenyekea. Jicho la mpiga picha wa haraka halichoki, kwa sababu halijafanya kazi. Basi kipimo cha kwanza ni hiki: Je, kamera imekufanya ukae muda mrefu zaidi mbele ya kiumbe wa Allah, au imekupa ruhusa ya kuondoka mapema?

Na kuna riyaa. Mtu anapanda kilima si kwa ajili ya kilima bali kwa ajili ya kuonekana kuwa amepanda. Hili sitalirefusha, kila mmoja ajikague nia yake, maana hakuna anayeijua isipokuwa yeye na Mola wake.

Mama wa Mkondoa

Ndugu msomaji, mpaka hapa tumezungumzia haki ya Muumba na haki ya nafsi. Lakini liko jambo ambalo kwangu ndilo lililonisukuma kuandika.

Kijana mmoja, Muislamu mwenye heshima zake, alikuja kututembelea kutoka mjini. Asubuhi akatembea kando ya mto Mkondoa. Kulikuwa na ukungu, na jua lilikuwa linachomoza. Mama mmoja alikuwa anafua, kanga ameifunga kifuani kama wanavyofanya kina mama wakiwa mtoni, mikono wazi, kichwa wazi, matone ya maji yanang'aa kwenye mwanga. Kijana akapiga picha. Niliiona, na sitasema uongo: ilikuwa picha nzuri. Hakukusudia ubaya. Aliituma kwa marafiki zake wachache akiandika maneno ya kusifu maisha ya vijijini.

Picha ikatembea. Kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, mpaka ikarudi Kilosa katika simu za wanafunzi. Mama yule ana mtoto katika darasa langu. Mtoto akataniwa, akaacha kuja shule wiki mbili. Nilipompigia simu kijana yule, alisikitika na akaifuta, lakini ilikuwa imeshakaa katika simu za watu asiowajua. Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu siku hiyo: "Ustadh, lakini pale ni sehemu ya wazi. Kila anayepita alikuwa anamuona."

Nilipokwenda kumpa pole mama, nilimueleza kuwa kijana amejitetea hivyo. Alinijibu kwa utulivu: "Mwalimu, watu wa mtoni nawajua. Hao wengine ni akina nani?"

Nadhani katika maneno ya mama huyu ambaye hakusoma sekondari kuna falsafa nzima. Kijana alidhani kuwa kinachoonekana na kila mtu ni mali ya kila mtu. Mama alijua kuwa kuonekana kuna mipaka. Anayekwenda mtoni amekubali kuonekana na majirani zake, kwa muda ule, katika hali ile ambayo wote wanaielewa. Hakukubali kuonekana na mtu aliye kitandani kwake Mwanza au Muscat, usiku, mwaka kesho. Jicho la mpita njia linapita, na linasahau. Picha haipiti wala haisahau. Basi kumtazama mtu na kumpiga picha ni matendo mawili tofauti, hata kama yote yamefanywa kwa jicho lile lile na mahali pale pale.

Na Uislamu ulishatufundisha tofauti hii katika jambo la maneno. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kuwa mtu akikueleza jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, maneno hayo ni amana. Hakusema "ni siri", hakukuapisha. Kule kugeuka kwake tu kunakufahamisha kuwa maneno yale ni ya kwako wewe, hapo. Ikiwa sauti iliyotoka kinywani kwa hiari ni amana, je, sura ya mtu ambaye hata hakujua kuwa anachukuliwa? Vile vile Allah (S.W) ametuharamishia kupelelezana (49:12) na ametuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu (24:27). Wapo kina mama ambao mto ndio ua wao. Kukosa ukuta wa matofali kwa sababu ya umaskini hakuwaondolei haki ya sitara.

Haki ya njia

Mtume (S.A.W) aliwakataza maswahaba kukaa njiani. Waliposema hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwaambia basi waipe njia haki yake. Walipouliza haki yake ni ipi, aliwatajia kuinamisha macho, kuondoa maudhi, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Mimi naona hakuna hadithi inayomfaa mpiga picha wa matembezini kuliko hii. Yeye ndiye mkaaji wa njiani wa zama zetu. Njia si yake peke yake, na hakukatazwa kukaa, ila amewekewa masharti. Kuinamisha macho maana yake ni kuinamisha na kamera. Kuondoa maudhi maana yake ni kutomuudhi aliyekuwa na shughuli zake. Na kujibu salamu kunamaanisha kuwa kwanza pawe na salamu! Wangapi wanafika kijijini, wanainua kamera kabla ya kuinua mkono?

Nimewahi kupewa hoja kuwa ukimuomba mtu idhini, uasilia unapotea, anajikaza kama yuko studio, na picha inaharibika. Ni kweli. Basi picha na iharibike. Kukosa picha si msiba. Babu zetu walikosa picha zote za maisha yao na wakafika mbele ya haki wakiwa kamili.

Sheria ya nchi nayo imeanza kulitambua jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taarifa za mtu zinazomtambulisha, na sura ya mtu inamtambulisha kuliko hata jina. Lakini Muislamu hangoji sheria ya mwaka 2022 ili ajue adabu za mwaka wa kwanza wa Hijra.

Mtu anaweza kuuliza: Je, basi tusipige picha ya mtu yeyote aliye katika dhiki bila idhini? Mbona picha nyingine zimeokoa watu? Swali hili ni la haki. Mohamed Amin, Muislamu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako alianza kupiga picha akiwa kijana mdogo, ndiye aliyechukua picha za njaa ya Korem nchini Ethiopia mwezi Oktoba 1984 ambazo ziliamsha dunia nzima. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Comoro. Wale waliokuwa wakifa kwa njaa hawakujaza fomu ya idhini. Na hapa kwetu, mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mto huu huu wa Mkondoa ulipofurika, ukang'oa reli na kuwaacha maelfu wakilala kwenye mahema, picha zilizotoka Kilosa ziliwafanya ndugu zetu wa mbali wajue hali yetu.

Tofauti iko wapi? Mimi naiona katika swali moja: Picha ilirudi na nini kwa aliyepigwa? Ya Korem ilirudi na chakula. Ya mafuriko ilirudi na blanketi na dua. Ya mama wa Mkondoa ilirudi na kejeli kwa mtoto wake. Dharura ina hukumu yake, lakini anayetembea kwa kujifurahisha hana dharura. Furaha yake haiwezi kugharamiwa na aibu ya mwingine.

Wanyama nao

Msidhani mipaka hii inaishia kwa binadamu. Qur'an (6:38) inatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mjerumani Carl Georg Schillings alisifika kwa picha za usiku za wanyama katika nchi yetu ilipokuwa koloni la Ujerumani. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliunganisha hata kwenye jina lake mwanga wa kamera na bunduki. Ili ampate simba, alifunga punda au ng'ombe aliye hai kuwa chambo, na simba alipomrukia, mwanga ukawaka. Sasa tukumbuke kuwa Ibn Umar (R.A) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga shabaha, akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Imepokewa na Muslim. Na kwa Abu Daud tunasoma kuwa maswahaba walipochukua makinda wawili wa ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa, Mtume (S.A.W) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe.

Leo hatufungi punda. Lakini barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapasua hifadhi ya Mikumi kwa umbali wa kilomita 50 hivi, na abiria wanawarushia nyani ndizi na biskuti dirishani ili wasogee wapigwe picha. Nyani akizoea, anaingoja gari inayofuata, na gari inayofuata haikusimama. Mabango na matuta yamewekwa ili magari yapunguze mwendo, na bado mizoga inaonekana. Aliyerusha ndizi alishafika Ruaha Mbuyuni zamani, anawaonesha wenzake picha ya nyani anacheka.

Na tembo tunaowafurahia tusiwachukulie kuwa wapo tu. Katika ikolojia ya Selous na Mikumi walihesabiwa karibu 39,000 mwaka 2009, na mwaka 2013 wakakutwa karibu 13,000 tu, kwa sababu ya ujangili. Ndani ya miaka minne! Anayempiga picha tembo wa Mikumi anapiga picha ya aliyebaki. Hiyo peke yake ingetosha kumfanya azime injini na anyamaze.

Nihitimishe

Kwa wazee wetu nasema: msiwazuie vijana kutoka kwenda kuyatazama maumbile, wala msiwafanye waone kuwa dini ni kukaa ndani tu. Afadhali mfuatane nao, muwasomee aya za maumbile pale pale mbele ya maumbile. Bustani za mijini nazo zinatosha kuanzia, iwe Forodhani kule Zanzibar au Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, kwa asiyekuwa na nauli ya kuja huku.

Kwa vijana wenzangu nasema: endeleeni kupiga picha, ila muwe na adabu. Salimia kabla ya kuinua kamera. Omba kabla ya kumpiga mtu, na akikataa shukuru na uondoke. Mwanamke aliye katika shughuli zake za ndani, hata kama ndani yake ni mtoni, usimuelekezee kamera kabisa. Usimsogeze mnyama kwa chakula wala usimfukuze kwa makelele. Na kila ukipiga picha moja, kaa kitambo bila kamera, umtazame kiumbe yule kwa macho uliyopewa bure.

Allah (S.W) ametufahamisha katika Suratul-Israi (17:36) kuwa masikio, macho na nyoyo, vyote hivyo vitaulizwa. Simu itabaki duniani, lakini jicho lililoilenga litasimama kujibu, na watakaosimama upande wa pili ni wale tuliowapiga picha.

Tunamuomba Allah (S.W) atujaalie macho yenye kuona na yenye haya, na atustiri kama tunavyopaswa kuwastiri wengine. Amin.

Wallahu a'lam.